Skoliosi: kwa nini mtoto huinamishwa, hasimamishwi wima

Goma, bega la mtoto likishuka upande mmoja, bidoni ya maji ndiyo hulaumiwa kwanza, kisha mfuko wa masomo. Mizigo hiyo huuchosha mgongo kweli, lakini haileti skoliosi.

Skoliosi ni uti wa mgongo kupinda kando, mfano wa herufi S au C, huku pingili zenyewe zikijizungusha. Daktari huita hivyo pembe ya mpindo inapofika digrii 10 kwenye picha ya radio. Huwapata vijana 2 au 3 kati ya 100 wanaobalehe, mara nyingi bila chanzo kujulikana, na mpindo wa wasichana ndio huelekea kuongezeka zaidi. Si kibiongo, kibiongo hutokeza nyuma. (Kibiongo kikichongoka kwa mtoto anayekonda na kupata homa, apimwe kifua kikuu, maana hicho hula hata mifupa.)

Wengi tulikaguliwa mstarini asubuhi: "Simama wima! Kifua mbele!" Pale ulikaguliwa mkao tu, na mkao mbaya hunyooka ukiamriwa. Skoliosi haisikii amri. Kwa hiyo jaribio alilolieleza daktari Mwingereza William Adams mwaka 1865 hufanya kinyume: mgongo wazi, miguu pamoja, magoti yamenyooka, mtoto anainama mikono ikining'inia. Mkaguzi hukaa nyuma yake, macho usawa wa mgongo. Mbavu za upande mmoja zikiinuka kuliko za pili, pingili zimejizungusha zikazisukuma. Kuna kifaa kidogo kama nivo ya mwashi kinachowekwa juu ya kinundu hicho. Kikisoma digrii 5 hadi 7 au zaidi, mtoto hupelekwa kwa daktari.

Je, inafaa kuwainamisha wanafunzi wote? Wataalamu bado wanabishana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mpindo ukigunduliwa mapema, mkanda mgumu wa kushikilia mgongo ulizuia mpindo kufikia kiwango cha kupasuliwa kwa asilimia 72 ya waliouvaa, dhidi ya asilimia 48 ya waliotazamwa tu. Hata hivyo, mwaka 2018 jopo la wataalamu wa kinga la Marekani lilisema ushahidi haujatosha kuamua kama kuwakagua wote kunafaa. Madaktari wa mifupa wa huko wanashauri wasichana wakaguliwe wakiwa na miaka 10 na 12, wavulana mara moja kwenye 13 au 14.

Kwa maoni yangu, shule ikiamua kukagua, ianze na chumba chenye pazia na mwalimu wa kike kwa wasichana. Msichana wa miaka 12 hatavua shati mbele ya darasa.