Mamaku: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Kangaga Mti Inayoliwa

Dhana inayonitia wasiwasi kuliko zote ni ile isemayo kwamba kangaga ni mboga, hivyo chipukizi lake lolote lililojikunja mfano wa kombe la konokono linafaa kutiwa chunguni. Pteridium, kangaga iliyoenea karibu dunia nzima, ina ptakilosaidi, sumu inayowasababishia ng'ombe saratani ya kibofu, na kangaga kadhaa zikiliwa mbichi huharibu vitamini B1. Mamaku, kangaga mti wa Nyuzilandi uliokuwa chakula cha Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, ni mmea mwingine kabisa.

Wengine huutambua kwa urefu wake. Ni kweli kwamba hufikia mita 20, na kuti moja huweza kufika mita 5, lakini mti mchanga haujapata kimo hicho. Alama za kutegemea ni vikonyo vinene vyeusi tititi vyenye magamba, pamoja na makovu ya pembe sita ambayo makuti yaliyodondoka huyaacha shinani, yamepangika kama masega ya nyuki. Ponga, kangaga mti jirani yake wa msituni, ukigeuza kuti lake utaona weupe wa fedha upande wa chini; wheki, kangaga mti mwingine, nao una nywele badala ya magamba, na makuti yake makavu huning'inia shinani kama sketi.

Kuhusu upandaji, mbegu hazitafutwi, kwa kuwa kangaga haina ua wala mbegu. Huzaliana kwa spora, vumbi laini lililo chini ya makuti, ambalo likitua penye unyevu huota kijimea kidogo chembamba cha kijani. Hapo ndipo chembe ya uzazi ya kiume huogelea majini kulifikia yai. Mche hutaka udongo wenye unyevu na mahali palipokingwa na upepo, na sakitu huudhuru.

Lipo pia dai kwamba kilele kikikatwa kitachipua tena. Hakichipui. Mamaku una kitovu kimoja tu cha ukuaji, nacho kikiondolewa, mti uliokua kwa miaka mingi hufa wote kwa ajili ya mlo mmoja; nasema hivi kwa uchungu, kwani ushauri huo hutolewa kwa wepesi mno. Katika ardhi ya hifadhi nchini Nyuzilandi, kukata mmea wa asili kwahitaji kibali.

Wala hauliwi mbichi. Wamaori waliupika moyo wa shina, wenye ute mwingi, pamoja na machipukizi yaliyomenywa, kwa saa nyingi katika shimo la mawe ya moto, na sehemu nyingine waliianika juani ili kuiweka akiba.