Michael Armitage: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Jina la Michael Armitage, mchoraji mzaliwa wa Nairobi, likitajwa, hayakosekani maneno yanayomnyima haki yake, na yanayowanyima haki wachoraji wazee waliomtangulia.

"Lile gome analochora juu yake ni pambo la kuwavutia Wazungu."

Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Gome hilo huitwa lubugo, nalo ni gome la ndani la mti wa mutuba. Mafundi wa Buganda hulibandua, kisha hulipiga kwa nyundo za mbao hadi lilainike na kutanuka kuwa kitambaa cha rangi ya udongo mwekundu. Shina hufungwa majani ya mgomba ili gome jingine liote. Kitambaa hicho kimevaliwa na wafalme na kuvikwa marehemu, na mwaka 2005 UNESCO iliutambua ufundi wake kuwa urithi wa binadamu.

Armitage alilikuta likiuzwa kwa watalii Nairobi. Tangu hapo huchora juu yake kwa rangi ya mafuta, na kazi yenyewe si rahisi. Turubai la dukani ni sawasawa kote. Lubugo likivutwa kwenye fremu, matundu hufunguka na mishono hutokeza, pengine katikati kabisa ya picha. Mchoraji hana budi kupanga picha yake akiyazingatia hayo.

"Huchora ndoto zake tu."

Rangi zake zinaweza kukudanganya hivyo. Lakini mwaka 2017, wakati wa kampeni za uchaguzi, alikwenda mwenyewe kwenye mkutano wa upinzani Uhuru Park, Nairobi. Katika picha yake "The Fourth Estate", ya mwaka huo huo, utawaona watu waliopanda mtini kutazama mkutano. Kabla ya kushika rangi huchora michoro ya wino, na rangi yenyewe huipaka kwa tabaka, akikwangua na kurudia.

"Huonyesha Afrika ya kupendeza tu."

Itazame "#mydressmychoice" ya mwaka 2015. Inatokana na kisa cha mwanamke aliyevuliwa nguo hadharani na wanaume Nairobi mwaka 2014, kisa kilichowafanya wanawake waandamane. Mwanamke amelala akitugeuzia mgongo, mkao ambao Armitage aliutoa kwa Velázquez, mchoraji wa kale wa Hispania, na wanaume wamemzunguka. Uzuri wa rangi ndio unaoifanya iwe ngumu kuitazama.

"Alisoma London, basi ni mchoraji wa Kizungu."

Alizaliwa Nairobi mwaka 1984, mama Mkikuyu, baba Mwingereza. Ni kweli alisoma Slade, shule ya sanaa ya London, kisha shule ya Royal Academy, taasisi ya sanaa ya huko huko, na athari ya Goya, mchoraji mwingine wa kale wa Hispania, haifichi. Lakini alipopewa kumbi za Royal Academy mwaka 2021, chumba kimoja kilitengewa wachoraji sita wa Afrika Mashariki, wakiwemo Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Sane Wadu na Elimo Njau, mmoja wa waanzilishi wa Paa ya Paa, kituo cha sanaa cha Nairobi. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameanzisha Nairobi Contemporary Art Institute, ambako kazi za wasanii wa ukanda huu huonyeshwa hapa hapa nyumbani.