Taa za dharura kwa wawinda tonado? Mimi nasema hapana

Kazi yangu ni kufundisha madereva wa ambulensi, na kitu cha kwanza namwambia mwanafunzi ni kwamba king'ora hakifungui barabara, kinaomba tu njia. Ukifika njia panda na taa ni nyekundu kwako unapunguza mpaka karibu usimame, unaangalia leni ya kwanza, yule dereva kakuona? yaani umeona uso wake umegeuka kwako, ndio unasogea kidogo uangalie leni ya pili. Hivyo hivyo hata kama nyuma kuna mama anajifungua.

Sasa tangu upelekwe bungeni Oklahoma, Marekani, ule muswada wa 2025, wa kuwapa wawinda tonado (watu wanaofukuza kwa gari ule upepo mkali unaozunguka, ili wauone na kuupiga picha) leseni na taa za kumulika, wapite hata taa nyekundu na barabara zilizofungwa, watu wananiuliza ubaya uko wapi, si wanasaidia kuokoa maisha? Ubaya ni kwamba yule mtu jicho moja liko mawinguni, lingine kwenye rada ya simu, na mara nyingi anarusha live huku anaendesha. Tarehe 28 Machi 2017 karibu na Spur, Texas, wawili waliokuwa gari moja walipita kibao cha stop wakamgonga mwinda mwenzao, wakafa wote 3. Tonado haikuwagusa.

Halafu El Reno, hukohuko Oklahoma, 31 Mei 2013. Tonado ilitanuka zaidi ya kilomita 4, ikageuza njia ghafla, ikamuua hata Tim Samaras, mtafiti aliyesifika kwa uangalifu, yeye na mwanawe na mwenzao. Barabara siku ile zilijaa wawinda na wakazi wanaokimbia. Hebu fikiria baba kapakia watoto, tonado iko nyuma, anaona taa zinamulika kwenye kioo anapisha pembeni kwenye tope, kumbe anayepita anafuata picha!

Mimi nikiwasha king'ora kuna mtu kwenye redio kanituma na anajua niko wapi, mwinda anajituma mwenyewe.

Taarifa zao zinasaidia, hilo nakubali kabisa, lakini taarifa inakwenda kwa simu. Waangalizi wa kujitolea wa SKYWARN, wanaofundishwa na National Weather Service, idara ya hali ya hewa ya Marekani, wanaripoti hivyo bila kupita taa nyekundu ya mtu. Na barabara ikifungwa baada ya tonado ujue nyaya za umeme zimelala chini, pengine imesafishwa leni moja tu, kila gari la ziada linaloingia inabidi mtu aache kutafuta majeruhi aje kuligeuza ndio ambulensi itoke.