Ramani ya picha bado inabofyeka, ila namba zake hazisinyai

Mchoro ulikuwa wa baiskeli, upana wake pikseli 1200, na mteja alitaka kila kipuri kibofyeke: tandiko, mnyororo, keria, magurudumu. Nikatumia ramani ya picha, yaani picha moja ya ukurasa wa wavuti iliyogawanywa sehemu, kila sehemu na kiungo chake. Nikapima kimoja kimoja, nikaandika namba, na kwenye kompyuta yangu kila kitu kikatii. Kesho yake mteja akafungua kwa simu, akagusa gurudumu la mbele upande wa chini, akajikuta kwenye ukurasa wa keria. Kwingineko kote kimya.

Simu haikuwa na kosa. Ramani hiyo huandikwa kwa HTML, lugha ya kurasa za wavuti: tagi ya map huibeba, na ndani yake kila sehemu ina tagi yake ya area. Kwenye area unataja umbo na mahali lilipo: mstatili hutaka namba nne, duara tatu, poligoni jozi moja kwa kila kona. Namba hizo ni pikseli, zinahesabiwa kuanzia kona ya juu kushoto. CSS, lugha inayopanga mwonekano wa ukurasa, ikiisinyaza picha, zenyewe hazina habari. Keria yangu ilikuwa kati ya pikseli ya 180 na 340 kwa upana, 170 na 220 kwa kimo. Picha ilipobaki 360 kwa 225, mstatili huo ukalala juu ya gurudumu la mbele. Tandiko, lililoanzia pikseli ya 400, likawa nje ya picha kabisa.

Ufundi wenyewe ni wa kale. Awali kivinjari kilituma tu mahali ulipobofya, seva ikaamua uende wapi; atributi ya ismap, inayoandikwa kwenye tagi ya picha, ni masalia ya enzi hizo. HTML 3.2 ya mwaka 1997 ndiyo iliyoingiza map na area katika kiwango rasmi, na uamuzi ukahamia kwenye kivinjari.

Jioni ile niliziba pengo kwa programu fupi ya JavaScript ndani ya ukurasa: gawanya upana wa sasa kwa upana halisi wa picha, zidisha kila namba, rudia dirisha likibadilika. Ilifanya kazi, lakini ni kiraka. Siku hizi naiweka picha ndani ya SVG, aina ya mchoro unaoandikwa kwa msimbo, yenye viewBox (vipimo vyake vya ndani) ya 1200 kwa 750, kisha nachora maumbo juu yake, kila moja ndani ya tagi ya a, yaani tagi ya kiungo. Picha ikisinyaa, maumbo yanasinyaa nayo. Tena umbo la SVG unaweza kulibadilisha rangi kipanya kinapolipitia. Area haina mwili wa kupakwa rangi. Angalizo moja: ukiandika fill (rangi ya ndani ya umbo) kuwa none, katikati ya umbo hapabofyeki. Andika transparent, yaani rangi isiyoonekana.

Hata hivyo SVG haisinyazi kidole. Kipuri cha pikseli 60 kwenye mchoro wangu kinabaki 18 kwenye simu, na WCAG 2.2, mwongozo wa kuzifanya kurasa zitumike na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, inadai angalau 24 kwa 24. Kwa hiyo chini ya mchoro naweka orodha ya viungo vya kawaida, na kila umbo nalipa jina ambalo kisoma skrini, programu inayowasomea wasioona, kitalitamka.

Map na area nimeziachia barua pepe tu, kwa sababu programu nyingi za barua pepe hazionyeshi SVG iliyoandikwa ndani ya ujumbe. Na ukihamisha kazi ya zamani, kagua maumbo yanayopandana: kwenye map, area iliyoandikwa kwanza ndiyo inayopokea mbofyo; kwenye SVG, iliyoandikwa mwisho ndiyo iliyo juu.