Mbwa mzee aliyekatwa mguu bado ana maisha

Hapa Mbeya, mbwa mzee anapokatwa mguu kwa sababu ya saratani ya mfupa au ajali, wapo wanaomshauri mwenye mbwa amwulie mbali, kwa imani kwamba miguu mitatu haiwezi kubeba uzee. Imani hiyo si sahihi. Mbwa wengi, wazee wakiwamo, husimama siku moja au mbili baada ya upasuaji, mradi daktari wa mifugo awe amepima kwanza viungo vya miguu iliyobaki. Kinachowaangusha mara nyingi ni sakafu: saruji laini na vigae huteleza, na aliyepoteza mguu wa mbele hutaabika zaidi, kwa kuwa miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wa mwili. Kwa hiyo mtandikie mikeka ya mpira isiyosogea. Mlaze pakavu, mbali na baridi yetu ya Juni na Julai, ambayo huwazidishia wazee ukakamavu wa viungo. Asinenepe. Nyuzi hutolewa kwa kawaida baada ya siku 10 hadi 14, na hadi hapo atoke akiwa amefungwa kamba, dakika chache tu, mahali tambarare. Nakusihi usimpe parasetamoli wala ibuprofeni iliyoko kabatini, kwani zinaweza kumuua. Dawa ya maumivu itoke kwa daktari wake.