“Hapa ni Onyeshoni, Namba Si Kitu”: Dhana Potofu Kuhusu Magari ya Kiitaliano na Vibao Vyake Uingereza

Brooklands, huko Surrey, ni uwanja wa mbio za magari uliofunguliwa mwaka 1907, na leo ni makumbusho. Siku ya magari ya Kiitaliano ikifika, Ferrari hupangwa ubavuni mwa vijigari vya Fiat 500, na Lancia huachwa boneti wazi ili watu wachungulie injini. Watu hupiga picha, huulizana bei, halafu mazungumzo huangukia palepale: vibao vya namba. Nani kaweka kibao gani, na je, askari atamwacha apite? Hapo ndipo utakaposikia sheria za kila aina, nyingine zimetungwa papo hapo kikombe cha chai kikiwa mkononi.

“Tuko kwenye kiwanja cha mtu binafsi, kibao chochote kinafaa”

Hii ndiyo mama yao, na inadumu kwa sababu nusu yake ni kweli. Sheria ya vibao inahusu gari lililo barabarani. Likishaegeshwa ndani ya uwanja wa onyesho, mwenyewe anaweza kufungua kibao chake na kuweka kingine kilichoandikwa jina la gari, mwaka wake, au hata jina la mkewe. Lakini gari halikushuka kutoka mbinguni. Limekuja kwa barabara na litarudi kwa barabara, na wapo wanaovalisha kibao cha onyesho tangu nyumbani asubuhi ili wasichafue mikono wakifika. Kwa safari hiyo faini inaweza kufika pauni 1,000. Zaidi ya hapo, DVLA, idara inayosajili magari, inaweza kumnyang’anya mtu namba yake ya kujinunulia, jambo linalouma kuliko faini. Wenye akili hubeba bisibisi.

Aliyeleta gari juu ya trela ana nafuu, kwa kuwa gari lenyewe haliendeshwi. Ila trela nayo lazima ibebe namba ya gari linaloivuta, na hilo husahaulika mno.

Tena si kila eneo la binafsi ni la binafsi machoni pa sheria. Mikutano mingi ya jioni hufanyika kwenye maegesho ya supamaketi, mahali ambapo mtu yeyote huingia. Sheria ya bima haiishii barabarani. Inagusa pia mahali pa umma. Kwa hiyo kijana anayesema “hapa si barabara” huku akinguruma na gari lisilo na bima amejidanganya mara mbili.

“Gari likiwa na sura ya zamani, kibao cheusi ruksa”

Kibao cheusi chenye maandishi ya fedha ndicho kinachotamaniwa kuliko vyote, na sioni ajabu: weka cha njano nyuma ya Lamborghini Countach ya miaka ya 1970 uone kinavyoharibu picha. Lakini sheria haitazami sura. Inataka gari liwe limetengenezwa kabla ya tarehe 1 Januari 1980, na liwe limesajiliwa katika kundi la kodi la magari ya kihistoria. Yote mawili, si moja.

Chukua Ferrari 308, iliyotengenezwa kuanzia 1975 hadi 1985. Mbili zinaweza kusimama pamoja, rangi moja, taa moja, na mtu wa kawaida asione tofauti. Ya 1979 ina haki ya kibao cheusi. Ya 1981 haina. Alfa Romeo Spider inachanganya zaidi, maana ilianza 1966 ikaendelea hadi miaka ya 1990. Ferrari Testarossa, iliyozaliwa 1984, imekosa kabisa.

Mkanganyiko huu una historia. Zamani mpaka ulikuwa ukisogea: gari likitimiza miaka 40 likapata msamaha wa kodi, liliweza kuvaa kibao cheusi. Kuanzia 2021 mpaka huo uligandishwa kwenye 1980. Msamaha wa kodi wenyewe haukugandishwa. Ndiyo maana leo 308 ya 1981 inaweza kuwa ya kihistoria kwa kodi na isiwe ya kihistoria kwa kibao, na mwenye gari akakuonyesha karatasi zake kwa hasira akidhani umemtukana.

Wapo pia wanaojitetea kwamba kibao cheusi ni cha asili ya Italia. Ni kweli, Italia ilitumia vibao vyeusi vyenye maandishi meupe hadi 1985, pamoja na herufi za mkoa kama MI ya Milano. Lakini gari lililosajiliwa Uingereza linafuata sheria ya Uingereza, hata kama lilitoka jana Maranello, kwenye kiwanda cha Ferrari.

“Ni la kuagiza, kwa hiyo kibao kidogo kinaruhusiwa”

Herufi za kawaida zina kimo cha milimita 79. Zile ndogo, za milimita 64, zinaruhusiwa kwa gari lililoagizwa ikiwa halina idhini ya aina ya Ulaya, yaani cheti kwamba muundo wake umekubaliwa huko, na umbile lake haliwezi kupokea kibao cha kawaida. Ferrari mpya iliyouzwa na wakala wa Uingereza haingii hapo. Usukani kuwa kushoto si hoja. “Kinaharibu bampa” si hoja pia, ingawa naielewa.

Na wale wanaoweka kibao cha mbele juu ya dashibodi, nyuma ya kioo? Hapana. Kinatakiwa kifungwe mbele ya gari, kwa nje.

“Alfa yenye kibao pembeni imevunja sheria”

Hapa ni kinyume: watu wanaona kosa pasipo kosa. Alfa Romeo nyingi hubeba kibao cha mbele upande mmoja ili ngao ya katikati isizibwe. Sheria ya Uingereza inataka kisomeke, kisimame wima kadiri inavyowezekana, na kiwe mbele. Haisemi kiwe katikati.

Wapenzi wa Alfa, kwa njia, ndio waandaaji wa Concours d’Elegance ya Nairobi, shindano la magari maridadi, pale Ngong Racecourse, tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo ukidhani mapenzi haya ni ya Wazungu wa Surrey tu, hujawahi kukaa karibu na shabiki wa Alfa wa Nairobi akieleza kwa nini gari lake halijaharibika, “linapumzika tu”.

“Namba niliyonunua ni yangu, naipanga nitakavyo”

Unachonunua ni haki ya kuitumia. Mwaka 2014 mfanyabiashara wa Ferrari za kale alinunua namba 25 O kwa takriban pauni 518,000, kwa kuwa ukiisoma haraka unaona 250, jina la ukoo mzima wa Ferrari za miaka ya 1950 na 1960. Utamu wenyewe ni kwamba kanuni ya kawaida inadai milimita 33 kati ya kundi la tarakimu na herufi. Pengo hilo haliruhusiwi kuzibwa. Nusu milioni hiyo, basi, imelipia jicho la mtazamaji. Skrubu iliyopachikwa kiujanja ili 1 isomeke kama herufi nyingine nayo imekatazwa.

Namba pia haiwezi kulifanya gari lionekane jipya kuliko lilivyo. Kulizeesha ni sawa.

“Stika ya GB inatosha kwenda Italia”

Ilitosha hadi Septemba 2021. Siku hizi alama ya nchi ni UK. Kibao cheusi hakina mahali pa kuandika alama hiyo, kwa hiyo mwenye gari la kale anayevuka kwenda Maranello au Turin lazima aibandike nyuma. Wasiotaka gundi kwenye rangi hununua ya sumaku, waibandue wakirudi. Mwenye Countach au Ferrari 360 asihangaike nayo: bodi ni ya aluminiamu, sumaku haishiki.