Foleni ya printa haina haja ya madirisha

Nimechoka kusikia kwamba seva ya Linux isiyo na mazingira ya madirisha (si Windows, bali skrini yenye picha na vitufe vya kubonyeza) haiwezi kuchapisha. Safari hii aliyesema ni kijana wa sekretariati moja ya hapa Lubumbashi, wanakochapia wanafunzi TFC zao, yaani kazi zao za kumaliza masomo: «Vumilia, Papa, niipakie kwanza madirisha yake.» Alikuwa tayari kumaliza megabaiti zake zote kwa kitu ambacho printa haina habari nacho.

Kazi yote hufanywa na CUPS, programu inayokaa kimya ikisikiliza poti ya 631; vile vitufe vya madirisha mnavyobonyeza huipelekea maombi tu. Sakinisha CUPS, jiingize katika kundi la lpadmin ikiwa unatumia Debian au Ubuntu, tafuta anwani ya printa kwa lpinfo -v, kisha uandike (ofisi ni jina nililoipa printa; anwani weka yako):

lpadmin -p ofisi -v ipp://192.168.1.40/ipp/print -m everywhere -E

Printa za zamani zisizoelewa IPP Everywhere, kanuni ya kuchapisha bila dreva (programu ya kuiendesha printa) ya kiwanda, zitadai dreva yao, jambo ambalo madirisha hayalitatui. Hata kwa printa mpya, nakiri kwamba foleni ya everywhere mara nyingine huficha trei au kiwango cha ubora ambacho dreva ya kiwanda ingekionyesha.

Sasa tuje kwenye hiyo -E, inayonikera kuliko yote. Ikikaa baada ya -p, huiwasha printa na kuiruhusu ipokee kazi. Ikitangulia -p, herufi hiyohiyo hudai mawasiliano yasimbwe, na printa mpya hubaki imezimwa. Amri hupita bila kulalamika, kisha lp, amri ya kutuma hati ichapishwe, hukujibu kwamba printa haipokei kazi, na hapo ndipo watu huanza kulaumu ukosefu wa madirisha.

Ieleweke pia kwamba kupokea na kuchapisha ni hali mbili tofauti, kama duka lenye mlango wa kuingilia na mwingine wa kutokea: cupsaccept hufungua wa kwanza, cupsenable wa pili. Delestaje, yaani mgao wa umeme, ikiikatia printa umeme katikati ya kazi, CUPS yenye sera ya stop-printer (simamisha printa kazi ikishindikana) huweza kuisimamisha foleni, lakini huendelea kupokea. Umeme hurudi, taa ya printa huwaka, mteja hupewa namba ya kazi, na karatasi haitoki. Basi hutuma tena, na tena. Kumbe lpstat -p ingemwonyesha neno disabled.

Mimi huweka hivi, ili kazi iliyokatika ijaribiwe tena:

lpadmin -p ofisi -o printer-error-policy=retry-current-job

Siipendi kikamilifu, kwa sababu hati moja mbovu yaweza kuziba foleni nzima, lakini kwa umeme wetu naiona afadhali. Ikiwa foleni imekwisha kusimama, usikimbilie cupsenable: tazama kwanza kazi zinazosubiri kwa lpstat -o, ufute marudio kwa cancel, la sivyo TFC ileile itatoka nakala kwa nakala mpaka trei iishe.